Akiba Haiozi: Habari za Ngitili za Usukuma



Mtu maskini wa shamba hana benki. Fedha akiipata leo, kesho imekwisha kwa chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Lakini liko ghala moja ambalo Mwenyezi Mungu aliliweka karibu na mlango wake tangu mwanzo, nalo halina kufuli wala karani. Na kwa kuwa halina kufuli, wengi wamelidharau, wakachota bila kurudisha, hata wakabaki na sakafu tupu. Ghala hilo ni msitu. Humo mna kuni na nguzo, nyasi za kuezekea, malisho ya ng'ombe, dawa, asali, matunda na uyoga. Mwenye fedha akikosa vitu hivi huvinunua. Asiye na fedha akivikosa hukaa bila. Kwa sababu hiyo msitu ukifa, wa kwanza kuomboleza ni maskini.

Tumeona vema mwezi huu tuwaletee habari za nchi ya Shinyanga, katika Tanzania, ambako watu walipoteza ghala hilo, wakaona taabu, kisha wakalijenga tena. Wala hawakulijenga kwa fedha nyingi, bali kwa desturi ya wazee wao iliyokuwa karibu kusahauliwa. Twaomba kila mwenye nyumba na kila mwalimu aisome habari hii kwa makini, maana si habari ya Wasukuma peke yao.

NCHI NA DESTURI YAKE

Shinyanga iko kusini ya ziwa kubwa la Viktoria. Ni nchi ya tambarare na vilima vya mawe, wala haina mvua nyingi. Mvua zake huanza kama mwezi wa Novemba na kwisha mwezi wa Mei, nazo kwa mwaka ni kadiri ya milimeta 600 mpaka 800. Baada ya hapo huja kiangazi kirefu: majani hukauka, visima hupungua, na ng'ombe hukonda hata mbavu zao zahesabika. Wenyeji wake wengi ni Wasukuma, watu wa jembe na wa ng'ombe. Kwa Msukuma ng'ombe ni mahari, ni nguvu ya kulimia, ni maziwa ya mtoto, ni akiba ya siku ya msiba. Basi swali kubwa la wazee lilikuwa hili: mifugo itakula nini mwezi wa Septemba na wa Oktoba?

Wazee walilijibu swali hilo kwa ngitili. Maana yake katika Kisukuma ni mahali palipotengwa na kuzuiliwa. Mvua zilipoanza, mwenye mji alichagua kipande cha ardhi karibu na nyumba zake, akakifunga, yaani akakataza mifugo isiingie humo. Hapakuwa na ukuta wala seng'enge. Neno la mwenye mji na heshima ya majirani vilitosha. Majani yakakua wakati wote wa mvua bila kuliwa, na miti ikachipua. Kiangazi kilipokuwa kikali, kwenye mwezi wa Julai au wa Agosti, akafungua sehemu moja, mifugo ikala hata ikaimaliza, ndipo akafungua sehemu ya pili. Waliotangulizwa ni ndama, na ng'ombe wagonjwa, na wale waliozeeka, na maksai wa kulimia, ambao hawawezi kwenda mbali kutafuta malisho.

Itazameni hekima hiyo. Ni hekima ya Yusufu katika nchi ya Misri, aliyeweka nafaka katika miaka ya shibe kwa ajili ya miaka ya njaa. Ila ghala lake lilikuwa la nafaka, na hili ni la majani na miti. Wako kati yetu Wakristo wanaodhani ya kuwa kila desturi ya wazee ni ya giza, na yapasa kutupwa yote pamoja. Sivyo. Mwenye kupepeta mtama hutupa makapi, hatupi mtama. Desturi inayomfundisha mtu kujizuia leo ili ndama aishi kesho haishindani na Injili, bali hutengeneza njia yake.

MITI ILIVYOKWISHA

Misitu ya Shinyanga haikufa siku moja, wala haikuuawa na mtu mmoja. Kwanza palikuwa na mbung'o. Mdudu huyu hukaa katika vichaka vyenye kivuli, naye huwaletea watu malale, na ng'ombe huwaletea ugonjwa wa nagana. Katika miaka ya 1920 na baadaye, Serikali ya Kiingereza ilianza vita juu ya mbung'o huko Shinyanga, msimamizi wa kazi hiyo akiwa C. F. M. Swynnerton, na watemi wakawatoa watu wao kwa maelfu kufyeka vichaka. Si haki kuwalaumu sana, maana ugonjwa ulikuwa wa kweli, na mahali pengi palipokuwa pori la mbung'o pakawa malisho. Lakini kazi ilipokwisha, shoka halikurudishwa ndani.

Kisha mashamba ya pamba yakaongezeka, na ng'ombe wakaongezeka, na watu wakaongezeka. Kila jiko lilitaka kuni, na kila zizi lilitaka miti. Baadaye, katika miaka ya 1974 na 1975, watu wengi waliondolewa katika miji yao iliyotawanyika, wakakusanywa katika vijiji. Vijiji viliileta shule na zahanati karibu, nalo ni jambo jema. Lakini ngitili zilikuwa karibu na miji ya zamani, na mwenyewe akiisha kuondoka, ni nani wa kuzilinda? Kitu kisicho na mwenyewe kila mtu hukichota. Ngitili nyingi zikaliwa, zikakatwa, zikalimwa.

Basi nchi ikabaki uchi. Upepo ukauchukua udongo, na mvua ikachimba makorongo. Wanawake wakaenda mwendo mrefu kutafuta kuni, na waliozikosa wakapikia samadi iliyokaushwa na mabua ya mtama. Samadi ile na mabua yale yangalirutubisha shamba. Hivi njaa ya kuni ikazaa njaa ya chakula. Hapo ndipo umaskini ulipokaza kamba yake, maana mtu aliyekosa kuni alichoma mbolea yake, na aliyechoma mbolea alivuna kidogo, na aliyevuna kidogo aliuza ng'ombe, na asiyekuwa na ng'ombe alikwenda kuchukua kibarua katika shamba la mwenziwe, huku lake likiota magugu. Mwaka 1984 Rais Julius Nyerere aliizuru Shinyanga, akasikitika kwa yale aliyoyaona, akaiita jangwa la Tanzania.

WALIVYOANZA TENA

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI, nayo ikasaidiwa na Serikali ya Norway. Mwanzoni mabwana miti walitia nguvu zao zaidi katika vitalu, wakaotesha miche, mingi yake ya miti ya kigeni, wakawagawia watu waipande. Kupanda miti ni kwema; lakini mche mchanga katika nchi kavu hutaka kunyweshwa maji, tena hutaka kulindwa na mbuzi. Na mama aliyebeba ndoo ya maji kutoka mbali hataupa mti maji hayo kabla ya kumpa mtoto wake. Hata walipoketi na wazee na kuwasikiliza, wakatambua ya kuwa dawa ilikuwamo nyumbani siku zote, nayo ni ngitili.

Sababu yake ni hii. Mti wa nchi kavu ukikatwa haufi upesi. Kisiki chaweza kuonekana kama kimekufa, lakini mizizi yake chini ya ardhi i hai bado, na kila mwaka hutoa machipukizi. Ng'ombe huja akayala, moto huja ukayachoma, jembe huja likayang'oa. Mwaka unaofuata mizizi hujaribu tena. Machipukizi hayo yakiachwa miaka michache tu huwa miti, kwa kuwa hayaanzi na mizizi ya mche bali na mizizi ya mti mzima. Migunga iliyodhaniwa kuwa imekwisha ilisimama tena, wala hapakuwa na mtu aliyeipanda. Basi kazi kubwa ya ngitili si kupanda. Ni kuuzuia mkono. Nayo ni kazi ngumu kuliko kupanda, maana apandaye huonekana akifanya kazi, naye azuiaye mkono huonekana kama hafanyi neno. Twakumbuka ya kuwa Torati ya Musa iliwaagiza Waisraeli waipumzishe ardhi yao mwaka wa saba. Mungu aliyeiumba ardhi ajua ya kuwa yachoka kama mtumishi achokavyo.

Mwaka ule wa 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kadiri ya hekta 600 tu. Kazi ya HASHI ilipokwisha mwaka 2004, ilikuwa imefika katika vijiji 833, na nchi iliyopata miti tena ilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000. (Mkoa wa Shinyanga wakati ule ulikuwa mkubwa, tangu mwaka 2012 wilaya zake nyingine zimeingizwa katika mikoa mipya ya Simiyu na Geita.) Ngitili nyingi ni za nyumba moja moja, nazo kwa desturi ni hekta 2 mpaka 5. Nyingine ni za kijiji kizima, na nyingine ni za shule au za kanisa.

FAIDA KATIKA NYUMBA

Pengine msomaji atauliza: Mti ni mzuri kwa macho, lakini je, wamsaidiaje maskini? Swali hili ni la haki, nalo limechunguzwa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la IUCN ulionyesha ya kuwa vitu vilivyopatikana katika ngitili vilikuwa na thamani ya kadiri ya dola 14 za Marekani kwa kila mtu kwa mwezi. Wakati huo matumizi ya mtu wa shamba katika Tanzania, kwa wastani, yalikadiriwa kuwa dola 8 na nusu kwa mwezi. Si kwamba mtu alipokea dola hizo mkononi. Sehemu kubwa ni vitu alivyovitumia nyumbani, ambavyo kama asingalikuwa na ngitili angalivinunua au angalivikosa.

Uchunguzi huo ulihesabu tena jambo jingine, ambalo wanaume hulisahau, nalo ni saa za mama. Mahali palipokuwa na ngitili, katika kutafuta kuni mtu aliokoa saa 2 mpaka 6 kwa siku. Na katika kuteka maji saa 1 mpaka 2. Ndugu yangu mwenye nyumba, fikiri. Saa sita ni siku nzima ya kulima. Ni mtoto wa kike aliyekwenda shule badala ya kwenda porini na kamba ya kuni. Ni mama aliyeketi kando ya mtoto mgonjwa asiondoke. Vitu hivi haviandikwi katika daftari la duka, lakini ndivyo vinavyotenga nyumba iliyo hai na nyumba inayokufa polepole.

Tufanye mfano wa mama mmoja mjane, mwenye watoto watatu na jembe la mkono, na katika kijiji chake pana ngitili. Mvua zinapoanza yeye huokota uyoga, na mboga za porini hutangulia mboga za shamba. Basi ule mwezi wa njaa, ambao ghala ni tupu na mahindi bado ni mabichi, hapiti mlangoni mwa watu kuomba. Mvua zikiisha, hukata nyasi ndefu. Baadhi yake huezeka nyumba yake, na nyingine huuza kwa mtu anayejenga. Kiangazi kikifika huokota matawi makavu karibu, asiende mbali. Ukwaju ukiiva watoto huuchuma, na ubuyu kadhalika, nao hula na kuuza sokoni. Mtoto akiumwa tumbo, mama ajua mzizi gani wamfaa kabla hajapata nauli ya kwenda zahanati. Shemeji yake ametundika mizinga miwili katika mgunga, naye humpa sehemu ya asali. Na samadi haiendi tena jikoni. Huenda shambani, mtama ukanenepa. Hakuna hata kimoja katika vitu hivyo kilicho kikubwa. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Mama huyu hajawa tajiri. Ila mwaka wa ukame ukija, haimlazimu kuuza jembe lake.

Na kijiji nacho kilipata. Viko vijiji vilivyouza majani au nguzo za ngitili ya wote kwa utaratibu, na fedha ile ikajenga vyumba vya shule, au ikasaidia zahanati, au ofisi ya kijiji. Hivyo msitu umeketi darasani na watoto, ingawa hawauoni.

NI NANI ANAYELINDA?

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Si jambo geni Serikali kuamuru watu wapande miti. Wala si jambo geni watu kutikisa kichwa mbele ya bwana miti, na usiku kwenda na shoka. Kilichofanya ngitili zisimame ni kwamba sheria zake zilitungwa na wenyeji wenyewe katika baraza lao la jadi, liitwalo dagashida. Humo wazee walipatana lini ngitili ifungwe na lini ifunguliwe, mti gani usikatwe, na mwenye kuvunja sheria atozwe nini. Na sungusungu, yaani walinzi wa jadi waliotokea Usukumani na Unyamwezini mapema katika miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, wakapewa na kazi hii. Mtu huweza kumdanganya askari wa msitu anayekuja mara moja kwa mwezi. Hawezi kumdanganya jirani anayesikia mlio wa shoka.

Lakini twasema kwa uwazi: kulinda si kupiga. Ulinzi wa kijiji ukiwa na hasira hugeuka dhuluma, na mtu aliyepigwa kwa ajili ya mzigo wa kuni hatapenda miti tena, wala watoto wake. Mkosaji afikishwe mbele ya wazee na mbele ya Serikali ya kijiji, atozwe kwa haki, asamehewe akitubu. Sheria ya nchi inatosha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zimewapa vijiji vya Tanzania uwezo wa kutenga msitu katika ardhi yao, kuuwekea sheria ndogo, na kuutunza wenyewe, na mapato yake yakawa ya kijiji. Kijiji kisichojua haki hii ni kama mtu aliyekufa kwa kiu huku mtungi wake umejaa. Kazi ya mwalimu ni kumwonyesha mtungi ulipo.

MAMBO YA KUTAHADHARI

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwa kusifu tu. Miti iliporudi, fisi na wanyama wengine walirudi pia, na wako watu waliopotewa na mbuzi au mazao yao. Hasara hiyo ni ya kweli, ijapokuwa faida imeishinda. Tena watu wanaongezeka, na ardhi haiongezeki. Mwenye ngitili akifa, wanawe hutaka kuigawa vipande na kuilima, na baada ya kizazi kimoja imekwisha. Na mchoma mkaa huja na fedha taslimu mwezi ule wa shida. Hununua kwa siku moja miti iliyokua miaka kumi na mitano, naye muuzaji huona amepata, kumbe amekula mbegu.

Lakini hatari iliyo kubwa kwa Mkristo ni nyingine. Mwenye ng'ombe mia hupata faida kubwa katika majani ya ngitili. Asiye na ng'ombe hana cha kulisha. Mwenye ardhi nyingi aweza kufunga hekta tano. Mwenye robo hekta akiifunga atakula nini? Basi pasipo uangalifu, ngitili iliyoanzishwa ili kumwokoa maskini yaweza kuwa boma la kumzuia nje. Mwenye nguvu husema, Tunalinda mazingira, na kumbe analinda malisho yake. Mjane aliyezoea kuokota kuni pale huambiwa ni mwizi. Jambo hili limeonekana, wala tusilifiche.

Mungu alikwisha kulifikiri tangu zamani. Aliwaagiza watu wake, wanapovuna, wasimalize pembe za shamba, wala wasirudi kuokota masazo, bali wawaachie maskini na mgeni. Kwa agizo hilo Ruthu, mjane na mgeni, alipata chakula katika shamba la Boazi. Na Boazi hakupungukiwa, bali alibarikiwa. Basi kila ngitili na iwe na pembe yake. Pawe na siku ambazo mtu asiye na ng'ombe huingia kwa haki, si kwa kujificha, akaokota kuni kavu, akakata nyasi, akachuma matunda. Baraza likiandika sheria za kufunga, liandike kwanza sheria ya mlango wa maskini. Msitu usio na mlango huo waweza kuwa mzuri sana, lakini haukupunguza umaskini. Umeuhamisha tu nje ya uzio.

MASHAURI KWA WENYE NYUMBA NA WALIMU

Kwa kuwa wasomaji wetu hupenda kujua la kufanya, twaandika haya kwa kifupi:

1. Mwenye nyumba, kama una kipande kilichochoka, usiharakishe kununua miche. Kifunge kwanza mvua moja, utazame visiki vyake. Kisiki kikitoa machipukizi mengi, acha mawili au matatu yaliyonyoka, ukate mengine, ili nguvu zisigawanyike.

2. Usichome moto majani. Majivu hupendeza mwaka mmoja, na udongo hulia miaka mingi.

3. Fungua kwa sehemu, wala si yote mara moja. Anayefungua ghala lote siku ya kwanza ya njaa hataiona siku ya mwisho ya njaa.

4. Wewe na mke wako shaurianeni pamoja. Mwanamume hutazama nguzo na malisho, mwanamke hutazama kuni, mboga na dawa. Mmoja akiamua peke yake nusu ya msitu hupotea.

5. Mwalimu, omba kijiji kiipatie shule pembe moja ya ardhi iliyochakaa. Watoto waihesabu miti yake kila mwaka na kuandika daftarini. Hesabu ya namna hii hawataisahau, kwa kuwa wanaiona ikikua. Uwaite wazee waje kuwataja miti kwa majina yake ya kienyeji na kazi zake, maana mzee akifa bila kuulizwa, amezikwa pamoja na kitabu.

6. Kanisa lenye uwanja mpana na liwe la kwanza. Haifai mhubiri kunena habari za bustani ya Edeni huku amezungukwa na vumbi.

Ndugu zangu, mtu aliyepata kuiona Shinyanga ikiwa tupu, kisha akaiona na migunga yake, amejifunza jambo moja kubwa: umaskini wa kijiji mara nyingi hauanzi katika uvivu wa watu, bali katika kufa kwa vile vilivyowalisha bila malipo, na vitu hivyo vyaweza kufufuka, mradi mizizi haijang'olewa na watu wamepatana. Wazee walisema, Akiba haiozi. Nasi twaongeza: akiba yenye mlango wa maskini ina baraka juu yake, na watoto wetu wataila.

Mwenyezi Mungu aliyemweka Adamu bustanini ailime na kuitunza atupe mikono ya kulima, na mikono ya kujizuia. Amina.